Mgeni wa Dirishani

Bi Pasi alimwingiza mwanasesere kwa mlango wa nyuma, amemfunga kwenye taulo, akitumaini jikoni hakuna mtu. Mtu alikuwepo. Mkamwana wake alikuwa amesimama mezani anapaka krimu keki ya wateja, mkono mmoja unazungusha sahani, mwingine umeshika kisu bapa. Alipoona kichwa kisicho na nywele kimechungulia kwenye taulo, kisu kikasimama.

"Mama, hicho ni nini?"

"Mgeni," alisema Bi Pasi. "Nimeazimwa."

"Umeazimwa mtoto?"

"Si mtoto. Mwanasesere. Ni wa mwezi mmoja tu."

Mkamwana alimtazama yule mgeni, akamtazama mkwe wake, kisha akarudi kwenye krimu yake. "Sawa, Mama," alisema, na hakuongeza neno. Katika nyumba ile watu walikuwa wapole sana, na upole wao ulikuwa katika kutosema.

Walikuwa watatu. Bi Pasi alikuwa amepiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja, na jina hilo ndilo alilotoka nalo kazini, pamoja na kiinua mgongo na saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa. Mwanawe alikuwa akisambaza mitungi ya gesi kwa gari. Alitoka alfajiri na kurudi jioni amekwisha nguvu. Mkamwana alioka keki za oda hapo hapo nyumbani. Yeye na mumewe walikuwa na miaka sita ya ndoa, na hakukuwa na mtoto. Bi Pasi alipewa chumba cha nyuma, kile ambacho kitanda chake cha kwanza kilikuwa kidogo mno kwa mtu mzima, kikaondolewa kimya kimya kabla hajahamia. Alikiona kimesimamishwa ukutani nje. Hakuuliza.

Mwanasesere alimpata kwa Bi Miwani. Miezi miwili nyuma alikuwa amekwenda kwenye duka lake kutafuta miwani ya kusomea, na nyuma ya kaunta akaona kisketi cha marinda, hakizidi upana wa kiganja, kimetundikwa kwenye kibanio. Hata hajamaliza kusalimia, akasema:

"Aliyekipiga pasi hiki amekionea."

Bi Miwani alicheka hadi akavua miwani yake. "Ni mimi. Kwani kinatakiwaje?"

"Pasi yako kubwa kuliko kazi yako. Una kijiko?"

Kijiko kikaletwa. Bi Pasi alikipasha moto tumbo lake kwenye jiko la chai, akakifuta, akakijaribu kwa kidole kilicholowa, halafu akapita rinda moja baada ya jingine mpaka kisketi kikasimama chenyewe mezani kama mwavuli. Tangu siku hiyo alikuwa akienda kila Jumamosi. Bi Miwani alikuwa na wanasesere kumi na mmoja, wamepangwa kwenye chumba cha ndani ambacho mapazia yake mazito hayakufunguliwa kamwe. Bi Pasi hakuuliza sababu. Aliwaza tu kwamba maskini, mwanamke huyu anaona haya watu wasije wakamchungulia.

Hawakuwa wale wa plastiki wanaouzwa sokoni. Hawa walitengenezwa kwa kitu kizito kilichomiminwa kwenye kalibu kikaganda, ukikishika kina ubaridi kama sahani. Viungo vyao vilikuwa vya duara, kila kimoja kimekaa ndani ya kikombe chake, na ndani ya mwili mlipita mpira mmoja uliovutwa toka kichwani hadi miguuni. Ukimkunja goti, linabaki limekunjwa. Ukimwinamisha shingo, anabaki ameinama, kama mtu anayesikiliza.

"Na mimi nataka mmoja," alisema Bi Pasi Jumamosi moja.

"Usinunue," alisema Bi Miwani. "Watu wananunua kwa hamu, miezi miwili mbele yuko kabatini na hela imekwenda. Chukua huyu, ndiye wangu wa kwanza. Kaa naye mwezi mzima. Mvishe, mvue, mfungue mpira, mfunge. Ukiona anakuchosha, mrudishe, hakuna wa kununa. Ukiona bado unataka wako, Jumamosi ya mwisho nafunga oda ya nje, nitakuandika."

Akampa masharti yake yote. Asimnyanyue kwa mkono mmoja. Asimshike akiwa na mafuta vidoleni. Asimlaze miguu imekunjwa, mpira utachoka. Akamwambia kila alilokumbuka.

Jioni ya siku aliyomleta nyumbani, mwanawe alimkuta anapimisha kigauni mgongoni mwa yule mgeni.

"Mama, kweli unacheza na midoli?"

"Sichezi. Najaribu."

"Unajaribu nini?"

"Kama hiki ni kitu changu au si changu."

Mwanawe alikaa, akavua viatu. "Na akiwa kitu chako, ni shilingi ngapi?"

Bi Pasi akamtajia bei. Mwanawe akapiga mluzi mrefu.

"Hiyo ni friji hiyo, Mama. Tena ya milango miwili."

Mkamwana, aliyekuwa akipanga masanduku ya keki, hakuinua macho. Krimu yake alikuwa akiilaza kwenye friji ya jirani, na kila asubuhi ilimbidi abishe hodi kuiomba kama mtu anayeomba chumvi.

"Hela ni zako, kiinua mgongo chako," alisema mwanawe. "Mimi sisemi kitu."

"Umeshasema."

"Nilikuwa nakumbusha tu kwamba friji haihitaji wigi."

Alicheka peke yake, na alipoona yuko peke yake, akaenda kuoga.

Siku ya kwanza kabisa Bi Pasi alimwosha mgeni wake kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Na kwa Bi Pasi, kitu kilichooshwa hakijaisha kuoshwa mpaka jua likiguse. Miaka yote ile alikuwa akitoa madoa ya damu na ya dawa kwa sabuni, na kilichokataa kutoka alikiachia jua. Alianika shuka asubuhi lina kivuli cha doa, akalianua mchana jeupe kama limezaliwa upya. Halafu akakumbuka kile chumba cha mapazia.

"Masikini," alimwambia, akimkausha nyuma ya masikio. "Umekaa gizani miaka mingapi wewe?"

Chumba chake mwenyewe kilitazama ukuta. Dirisha la jikoni ndilo lililopata jua, tangu saa sita mpaka saa tisa, kali na safi. Basi kila siku alimkalisha kwenye kizingiti cha dirisha hilo, miguu inaning'inia juu ya sinki, na jioni akamrudisha chumbani.

Siku zake zilikuwa zimepata umbo. Alikata vipande vya mto wa zamani, akashona shati lisilo na mikono, lenye vifungo vya shanga, akalipiga pasi kwa kijiko. Kule hospitalini, kwenye chumba cha kufulia, walikuwa wanawake kumi na wanne na mashine zenye kelele, na walikuwa wakizungumza kwa kupiga kelele kushinda mashine. Mtu aliweza kueleza msiba wake wote kwa sauti ya kuuza samaki. Sasa sauti iliyobaki ilikuwa ya ile saa ya ukutani. Akiwa na sindano mkononi hakuisikia. Akiweka sindano chini, aliisikia.

Siku ya pili, alipokwenda kumrudisha jioni, alikuta uso wa mgeni umefunikwa kitambaa cha maua, kile mkamwana alichokuwa akijifunga kichwani akioka. Akakitoa, akakikunja, akakiweka mezani. Siku ya tatu, kitambaa kilikuwa usoni tena, kimefunika kichwa kizima hadi shingoni. Akakitoa, akakikunja, akakiweka mezani. Ikawa hivyo wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Bi Pasi aliwaza: anamchukia, lakini hajamtupa. Huyo naye ni mtu mwema.

Wiki ya nne alikuja mteja kuchukua keki ya siku ya kuzaliwa, mama mmoja mchangamfu anayegusa kila kitu. Bi Pasi alikuwa mlangoni kwa nje na kapu la nguo, akasikia yote.

"Heee! Mna kichanga humu? Hata hamkusema, jamani! Hongera!" Kitambaa kikafunuliwa. "Ala. Kumbe midoli."

"Ni ya mama mkwe," ilisema sauti ya mkamwana.

"Mama mkwe? Basi amechoka kusubiri, kajitafutia wake!"

Yule mama alicheka sana, bila ubaya, kama mtu anayecheka kwenye nyumba isiyo na maumivu. Mkamwana akamfungia sanduku kwa utepe. Akamrudishia chenji. Akamwambia karibu tena. Mlango ulipofungwa, Bi Pasi akaingia, kwa kuwa kubaki nje kungekuwa kujificha.

Mkamwana alikuwa amempa mgongo. "Mama, naomba nikuulize. Kama una neno na mimi, si uniambie tu?"

"Neno gani, mwanangu?"

"Miaka sita hujaniuliza hata siku moja. Mama yangu mzazi ananiuliza, mashangazi wananiuliza, wewe kimya. Nikawa nasema, mkwe wangu mwungwana. Kumbe ulikuwa unatafuta namna." Akageuka. Alikuwa halii, na ingekuwa afadhali angelia. "Kijembe chenye macho na vidole. Umenikalishia dirishani, nikiosha vyombo nakitazama, nikisuuza nakitazama."

Bi Pasi alifungua mdomo. Alitaka kusema habari za marinda, za kijiko, za mpira unaopita mwili mzima. Maneno yote yalipofika ulimini yalionekana ya kijinga.

"Sikuwaza," alisema. "Haki ya Mungu, mwanangu, sikuwaza hivyo."

"Inawezekana," alisema mkamwana kwa upole ule ule wa nyumba, akafungua bomba la maji.

Bi Pasi alimbeba mgeni chumbani. Alikuwa ameshaamua. Jumamosi ni keshokutwa. Atamrudisha, atasema si kitu chake, na hela itanunua friji. Akaleta beseni ili amwoshe amrudishe safi. Alipomvua shati la vifungo vya shanga ndipo alipoona.

Kifua na tumbo, palipofunikwa na shati, palikuwa na weupe wa maziwa, ule aliokuja nao. Mikono na miguu ilikuwa ya manjano kama gazeti la zamani. Alidhani ni uchafu. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa ncha ya taulo, akasugua kwa chumvi, kwa nguvu ya mtu aliyewahi kushinda madoa ya kila aina. Haikutoka. Aliijua rangi ile. Ni rangi ya shuka pasi inapoliunguza kidogo kidogo bila kutoa moshi, na ikishaingia hakuna sabuni yake. Kitu cha watu, tena kile cha kwanza, na yeye ndiye aliyekianika siku baada ya siku kwa mapenzi.

Aligeuza uso wa mgeni. Uso ulikuwa mweupe. Shingoni, palipoishia weupe, palikuwa na mstari wa mawimbi madogo madogo, umbo la pindo la kitambaa cha maua.

Alikuwa bado amekaa hivyo, beseni miguuni, mkamwana alipogonga. Alikuwa ameshika kikombe.

"Mama, chai." Kisha akaona. "Kafanya nini huyo?"

"Nimemwanika."

Mkamwana akachuchumaa. Hakucheka. Akapitisha kidole kwenye mstari wa shingoni, polepole, kama anavyofanya kwenye ukingo wa keki.

"Ni kitambaa changu hiki," alisema.

"Ndicho. Chuki yako imemwokoa sura."

"Siku za mwanzo ndiyo, nilimfunika nisimwone. Siku tatu, nne. Halafu..."

"Halafu?"

"Halafu nikawa naona jua linampiga usoni na hawezi kufumba macho. Nikamwonea huruma." Akaangalia chini. "Ujinga tu, Mama."

"Si ujinga."

Saa ya ukutani ikahesabu kidogo. Bi Pasi akakipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili bila kunywa.

"Mimi niliulizwa," alisema. "Kabla hajaja huyo mumeo niliulizwa miaka tisa. Niliulizwa mezani, bombani, hadi kwenye foleni ya mshahara. Kuna mmoja kazini aliniuliza akiwa ameshika upande wa pili wa shuka, tunakunja. Nikaapa mdomo wangu hautamwuliza mtu."

"Ungeniambia hivyo, Mama."

"Ningekuambiaje? Kukuambia kungekuwa kama nimekuuliza."

Mkamwana alikaa kitandani pembeni yake. Hawakushikana mikono, si watu wa mambo hayo. Yule mgeni alilala katikati yao amefungwa taulo, nusu mweupe nusu wa manjano. Walikaa mpaka harufu ya jikoni ikabadilika, mkamwana akaruka: "Keki ya watu!" na akakimbia. Bi Pasi akabaki na chai yake. Ilikuwa imetiwa sukari kama anavyopenda yeye, si kama walivyopenda wao.

Jumamosi asubuhi mkamwana alimkuta akitafuta mfuko.

"Unamrudisha?"

"Lazima. Cha mtu."

Mkamwana akakitoa kitambaa cha maua kichwani mwake. "Mfunge na hiki juu. Njiani kuna jua."

Bi Miwani alimfungua mgeni kwenye kaunta, chini ya taa ile anayopimia vioo. Alimtazama muda mrefu. Bi Pasi alisimama kama alivyokuwa akisimama zamani mbele ya matroni shuka likipotea.

"Nilimwanika dirishani," alisema. "Nilidhani namfanyia hisani. Nitalipa."

"Sikukuambia habari ya jua," alisema Bi Miwani.

"Hukuniambia."

"Mapazia yangu yamefungwa miaka mingi, hata mimi nimesahau kwamba kuna mtu hajui ni kwa nini."

"Mimi nilidhani unaona haya."

"Haya nayo ipo kidogo." Bi Miwani akatabasamu, lakini kidole chake gumba kiliendelea kuusugua mkono wa manjano, huku na huku, kama mtu anayejaribu kuamsha mtu. Bi Pasi alikiona kidole kile, akaona pia jinsi Bi Miwani alivyokishtukia na kukificha haraka chini ya kaunta ili asimwumize. "Wote hugeuka rangi, mwenzangu. Hata gizani hugeuka. Wewe umemharakisha tu. Utalipa nini? Kaa."

Alimwekea kiti. Akatoa daftari la oda, akalifungua, akafungua na kalamu.

"Leo ndiyo mwisho. Nikuandike?"

Bi Pasi alilitazama daftari. Jibu alilokuwa amelibeba njia nzima lilikuwa hapana. Lakini alipotaka kulitoa akakuta halikuwa la kweli, na ndiyo nayo haikuwa ya kweli.

"Nikiwa naye mkononi nasikia nina kazi," alisema. "Nikimweka chini, nasikia saa. Nilidhani nikiwa na wangu mwenyewe saa itanyamaza."

"Mimi nina kumi na mmoja," alisema Bi Miwani, "na saa naisikia."

Nje mtu alipita akivuta kitu cha chuma barabarani. Walisubiri mpaka kelele ikaisha.

"Huyu nimeshamwazimisha kwa watu saba," aliendelea Bi Miwani. "Wote walimrudisha salama. Wawili wakanunua. Hao siwaoni tena, wana wao."

"Na hao watano?"

"Hao waliona si kitu chao. Siwaoni pia. Wameshaamua, wafuate nini hapa?" Akagonga kalamu mezani mara moja. "Kwa hiyo sema tu, usiogope. Nimezoea majibu yote mawili."

Bi Pasi alimwinua yule mgeni kama alivyofundishwa, mkono mmoja kiunoni, mwingine kichwani. Akamkunja goti. Goti likabaki limekunjwa. Mpira ulikuwa umeanza kulegea upande wa kushoto. Utahitaji kufunguliwa na kuvutwa upya, na hiyo ni kazi ya jioni mbili.

"Friji nitanunua," alisema. "Ya mlango mmoja. Hilo nimeshaamua. Hili jingine bado."

"Bado vipi?"

"Bado sijamaliza kujaribu. Niongezee mwezi."

Bi Miwani alifunga kalamu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake, ingawa ilikuwa safi, akaivaa tena.

"Mwezi mmoja tu," alisema.

"Mmoja. Halafu nitakuletea tena, uone kama nimeharibu kingine."

"Na Jumamosi hizi za katikati?"

"Hizo nakuja kama kawaida. Marinda yako yale bado unayaonea."

Aliporudi, mkamwana alikuwa kwenye sinki, kichwa wazi, mikono ndani ya povu. Aliliona taulo, akaona kitambaa cha maua juu yake.

"Kumbe hukumrudisha."

"Nilimrudisha. Nimeazimwa tena."

Ilikuwa saa sita imepita kidogo, na jua lilikuwa limeshaingia na kulala lote kwenye kizingiti. Mkamwana alijikausha mikono kwenye aproni. Akachukua kitambaa, akakikung'uta, akatoa vibanio viwili kwenye kapu la nguo za mkwe wake, akapanda kigoda. Akakitundika kitambaa kwenye dirisha, kona kwa kona. Jikoni kukawa na kivuli chenye maua.

"Mweke sasa," alisema, akarudi kwenye vyombo vyake.